Dobi Asiyeonyesha Uso

Jumatatu, 6 Julai

Elfu tisa! Yule mtu wa ng'ambo ya barabara amefikisha wafuasi elfu tisa. Nimehesabu sifuri mara mbili nikidhani macho yangu yana ukungu. Hayana. Bwana Mvuke, ndivyo anavyoitwa. Jina hilo nilimbandika mimi siku aliponunua pasi ya umeme inayofuka kama birika. Nilimbandika kwa kejeli. Sasa ameliandika juu ya mlango wake kwa rangi ya bluu.

Mtu niliyemfundisha mimi kupiga kola! Alikuja dukani kwangu hajui hata pasi hushikwa upande gani. Miaka miwili nimemlea. Leo anasimama mbele ya simu, meno yote nje, anacheza na shati la watu, eti karibuni wapendwa. Nimeanza kutazama video yake ya leo nikaizima katikati. Huwa nazizima zote katikati. Roho inakataa.

Ningeweza kuvumilia. Mimi si mtu wa wivu, mke wangu analijua hilo, ingawa akiulizwa hucheka. Lakini asubuhi alikuja mama mwenye nyumba ya wageni, ile ya ghorofa mbili nyuma ya posta. Mtaa mzima humwita Mama Gesti. Ana vitanda arobaini. Dobi wake amehama, anatafuta mwingine wa kufua na kupiga pasi shuka zote, mwaka mzima. Amesema atachagua kati yetu wawili, mimi na yule, na jibu atalitoa Jumamosi. Tena siku hizi hampi mtu shuka zake kabla ya kuona anavyofanya kazi, kwa hiyo atatutazama kwenye simu. Akauliza ukurasa wetu unaitwaje. Nikamwambia uko njiani.

Alipoondoka, mke wangu aliweka pasi chini. Alisema paa linavuja juu ya meza ya kazi, na msimu uliopita tulipiga pasi chini ya mwavuli kama wauza njugu. Kama shuka hizi zitavuka barabara, yeye hatakaa tena kushindana na matone. Atakwenda kushona kwa dada yake, na mimi nitabaki na pasi yangu. Hakupaza sauti. Ndiyo maana niliogopa.

Basi nikajirekodi. Nilisimama mbele ya rafu, nikatabasamu, nikasema karibuni wapendwa. Nikampelekea dada muuza vocha wa kibanda cha jirani, maana mambo ya simu mtaa huu anayajua yeye. Alitazama mara moja tu. Aliuliza nani amefariki.

Akanipa moyo lakini. Alisema uso si lazima, wako watu wengi wanauza biashara zao bila kuonekana hata pua. Nionyeshe mikono, nionyeshe nguo kabla na baada, niandike maneno machache juu, iwe fupi, na mwanzo wake uwe na kitu cha kumshika mtu asipite. Nimefurahi sana. Tangu zamani mimi husema dobi haonekani, inayoonekana ni kazi. Sijawahi kusema hivyo, lakini kuanzia leo nitasema.

Jumanne, 7 Julai

Nimeamka na mpango. Nimekunja waya wa kutundikia mashati, nikaufunga kwenye boriti juu ya meza, nikaning'iniza simu ikitazama chini. Inaona meza, pasi, na mikono yangu mpaka viwikoni. Uso hakuna! Mke wangu aliuliza kama boriti hiyo si ile inayovuja. Mtu akikosa la kusifu hutafuta la kuuliza.

Simu ilianguka mara moja tu, ndani ya beseni la wanga. Nimeifuta. Imekakamaa kuliko kola, na kitufe cha sauti hakibonyei tena, lakini inarekodi.

Nilipiga shati jeupe. Kola nilianzia nchani kwenda katikati, kama baba alivyonifundisha, isije ikatuna. Kazi safi kabisa! Na kwa kuwa shati lilikuwa limekauka mno, nililirushia maji kama ninavyofanya siku zote. Funda moja la maji, kichwa pembeni, pfuuu! Matone madogo madogo, sawasawa, kila mahali. Hakuna chupa ya dukani inayoweza hivyo. Baba alikuwa akilowesha shuka nzima kwa funda moja, na watu walikuwa wakija kutazama.

Nikaposti, nikakaa na chai kusubiri sifa.

Kitu kimoja sikukifikiria. Uso usipoonekana, mdomo nao hauonekani. Watu waliona mikono inapiga pasi kwa utulivu, halafu ghafla maji yanashuka kutoka juu. Wa kwanza aliuliza kama paa linavuja. Wa pili akasema si paa, sikilizeni sauti. Wa tatu aliandika kwa herufi kubwa: HAYO NI MATE? Kufikia saa nane walikuwa wametazama watu mia nne, wote wanabishana juu ya mate yangu. Nikajibu kwamba ni maji safi yaliyopitia mdomoni tu. Haikusaidia. Mama Gesti aliweka alama ya kuuliza, moja, bila neno lolote.

Wakati huohuo Bwana Mvuke karusha video mpya, ananyunyizia kwa kichupa cha zambarau huku anaimba. Kijiba cha roho kikanishika. Niliingia kwenye ukurasa wake nikaandika kama mteja wa kawaida tu: "Huyu alinichomea suruali. Msimpelekee nguo." Nilijisikia vizuri kwa dakika tano. Ndipo akajibu: "Samahani sana mwalimu wangu, ni suruali ipi hiyo?" Mwalimu? Nikaangalia vizuri. Nilikuwa nimeandika kwa jina la duka letu, na picha ya pasi yetu pembeni.

Nimemwambia mke wangu tumeingiliwa na wadukuzi. Alinitazama, akaendelea kukunja foronya.

Jumatano, 8 Julai

Leo mke wangu kashika usukani mwenyewe. Amefuta ile komenti, amefuta video ya mate, akanawa mikono, akaniambia niwashe simu. Nikawasha.

Alichukua shati langu la kitani, lililokunjamana kama lilikuwa limemezwa na ng'ombe. Nilimwambia achukue la mteja, yapo mazuri zaidi. Alisema nguo ya mtu ni siri ya mtu. Maneno ya zamani hayo! Akalitandaza, akaanza. Ana namna yake ya kulainisha kitambaa kwa kiganja cha kushoto kabla pasi haijafika, kama mtu anayempapasa mtoto mgongoni apate usingizi. Nimeishi naye miaka kumi na tisa na sijawahi kuiona. Yaani niliiona, sikuitazama.

Sekunde arobaini. Dada muuza vocha akaweka maneno juu: Shati la mume wangu. Tuliposti saa nne. Saa sita watazamaji walikuwa elfu moja. Saa tisa, elfu sita! Nilimrukia dada muuza vocha kwa furaha, vocha zake zikamwagika zote mtaroni. Kisha nikaenda kusimama ukingoni mwa barabara bila sababu yoyote, ili Bwana Mvuke anione. Akanipungia mkono. Mnafiki!

Jioni nikasoma komenti. "Mikono ina baraka." Vizuri. "Hii video imenituliza, nilikuwa na hasira." Vizuri sana. "Mikono mizuri jamani, Mungu aitunze." Haya. "Mikono hii imeolewa?"

Imeolewa?!

Hakuvaa pete! Akipiga pasi huiacha kwenye kisahani dirishani. Nikateremka chini zaidi, na afadhali nisingeteremka. Kuna bwana mmoja ameandika angetamani kuwa lile shati. Shati! Na watu mia mbili wamempa mioyo. Nikamjibu hapohapo kwamba mikono imeolewa, mume ni jitu kubwa, na ana pasi ya mkaa. Mke wangu alicheka mpaka akakaa kwenye kapu la nguo. Aliuliza hasa namwonea wivu nani, yule bwana au shati. Niliwaka ndani kwa ndani mpaka chakula kikapoa.

Mama Gesti naye kaandika: "Huyu ndiye dobi." Huyu! Meza ni ya baba yangu. Shati ni langu. Waya nimeukunja mimi. Nani amesifia waya?

Alhamisi, 9 Julai

Nimekata shauri. Sifa za duka zima haziwezi kukaa kwenye mikono ya mtu mmoja, hasa mtu huyo akiwa si mimi. Mke wangu alikwenda kununua mkaa na wanga. Nilikuwa na saa moja.

Kwanza nilinyoa vidole. Vina manyoya, sikatai. Nikapaka mafuta yake ya nazi, nikavaa bangili yake ya shaba, na pete yake ili swali la ndoa liishe leo leo. Pete iliingia nusu ikagoma. Nikaisukuma kwa sabuni, ikaingia yote. Nilijitazama kwenye simu. Mtu mwenye haraka angesema ni yeye.

Nilipiga shati lilelile, nalainisha kwa kiganja cha kushoto kama yeye. Nilijiunguza mara mbili. Sikupiga yowe, maana sauti ilikuwa inarekodiwa. Juu nikaandika: Mikono yenu imerudi, na imeolewa.

Lo! Komenti zilimiminika. "Dada, umevimba?" "Pole sana, ni nyuki?" "Hiyo pete ivueni haraka, damu haipiti." Mmoja alijitambulisha kuwa muuguzi, akaniagiza niinue mikono juu ya kichwa na niende hospitali hivyohivyo. Watu mia tatu wametoa pole. Wengine wanaomba dua. Sijawahi kuombewa na watu wengi namna hii maishani, na dua zote zimekwenda kwa mke wangu.

Saa tisa Bwana Mvuke akavuka barabara na mfuko wa machungwa, uso umemshuka, anauliza shemeji anaendeleaje. Wakati uleule shemeji yake huyo anaingia na gunia la mkaa begani, mzima kama chuma. Akamtazama Mvuke. Akayatazama machungwa. Akakitazama kidole changu, ambacho kilishageuka rangi ya biringani. Mwisho akauliza mbona nanukia nazi.

Pete imetoka kwa uzi, sabuni na kilio. Aliyenishika mkono ni Bwana Mvuke. Alikuwa ananiambia pole mwalimu, vuta pumzi. Aibu hii nitamlipizia.

Halafu Mama Gesti akapiga simu. Alisema amesikitika mno, anamwombea dada nafuu, ila vitanda arobaini ni vingi kwa mgonjwa, pengine afadhali kazi aipeleke ng'ambo. Mke wangu aliichukua simu akatoka nayo nje, akazungumza muda mrefu. Aliporudi alisema amemweleza kila kitu, na yule mama amecheka mpaka akakohoa, na Jumamosi ipo palepale. Nikauliza kila kitu ni pamoja na kunyoa vidole. Ni pamoja.

Mikono yake haipatikani tena, ameniambia, mpaka niombe radhi. Nimesema nitalifikiria.

Ijumaa, 10 Julai

Sikuomba radhi. Sina shida na mikono ya mtu. Dada muuza vocha si alisema kabla na baada? Kabla na baada haihitaji mikono! Nguo chafu, kata, nguo safi. Hakuna wa kusifiwa hapo ila duka.

Nilitafuta kwenye rafu nguo yenye hali mbaya kuliko zote. Suruali ya kahawia ya mwalimu mkuu! Ilikuja juzi na doa la wino mfukoni, na nyuma, pale pa kukalia, kiraka kikubwa chenye maua ya njano. Nani angejua? Yule mzee huvaa koti refu jua na mvua. Nilirekodi mbele, nikarekodi nyuma, nikaisogeza simu karibu mpaka maua yakajaa. Kisha nikatoa wino kwa limau na chumvi, nikafua, nikaanika, nikapiga pasi mpaka mkunjo ungeweza kukata mkate. Nikarekodi baada. Jina sikuweka. Uso sikuweka. Mimi ni mtu wa siri.

Kufikia saa sita, elfu kumi na moja! Nimempita Mvuke! Nilicheza peke yangu nyuma ya rafu, nikagonga kichwa, nikaendelea kucheza.

Halafu nikafungua komenti. "Hiyo si suruali ya mwalimu mkuu?" "Ndiyo yenyewe, kahawia hiyo naijua tangu niko darasa la tatu." Nikatokwa na jasho. Sikujua kwamba nguo nayo ina uso. Wa tatu ndiye aliyenimaliza: "Subirini kwanza. Hayo maua si ya lile pazia la ofisi ya walimu lililopotea?"

Mwalimu mkuu alikuja saa nane. Aliingia ameupa ukuta mgongo, akatambaa nao hivyohivyo mpaka kwenye meza. Alisema leo alipoingia darasa la sita, wanafunzi wote walisimama, na hawakusimama kwa heshima, walitaka kuona nyuma. Alisema kipande cha pazia alipewa kwa ruhusa na barua anayo. Nilimwambia doa la wino limetoka lote. Akaichukua suruali bila hata kuifungia karatasini, akasema miaka thelathini amesimama mbele za watu, na leo nimemvua nguo mbele ya mji mzima. Hapo niliona haya, kwa kweli. Kidogo.

Baada yake wakaja wengine. Kila mwenye siri kwenye nguo zake alikuja kuzichukua. Mwenye shati la mikono ya rangi mbili. Mwenye gauni lililoongezwa ubavuni mara tatu. Saa kumi rafu zilikuwa tupu, na wote walikuwa wanavuka barabara. Na Bwana Mvuke akawa anawarudisha! Kasimama mlangoni anawaambia warudi kwa shemeji, mikono ya shemeji ni bora kuliko yake mwenyewe. Wapi! Hakurudi hata mmoja, walikwenda na vifurushi vyao nyumbani. Lakini yeye anatafuta nini? Hila gani hii? Nimeiwaza mchana kutwa sijaipata. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu.

Mke wangu alifuta video. Alisema methali inasema nyani haoni kundule, lakini mimi nimezidi, nimeonyesha watu la mwenzangu. Kisha akakaa kwenye kapu na kulitazama paa. Alisema basi, shuka zimekwenda, na hakuna alichokitaka mwaka huu ila paa lisilovuja. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Halafu akachukua sindano na kipande cha kitambaa cha kahawia, akaenda kwa mwalimu mkuu kukitoa kile kiraka.

Aliporudi nikaomba radhi. Nilikuwa na njaa, lakini niliomba pia kwa sababu nyingine.

Jumamosi, 11 Julai

Siku ya jibu.

Mama Gesti alikuja na shuka moja tu, nyeupe, ya kitanda kikubwa. Alimpa mke wangu, mimi akanipa mkoba wake nishike. Mke wangu akaipiga na kuikunja peke yake, pembe kwa pembe, kiganja cha kushoto kikitangulia. Mama Gesti alipitisha mkono juu yake. Alisema hajaja kwa sababu ya video, video zimemchosha, amekuja kwa sababu jana jioni alimkuta mwalimu mkuu anatembea barabarani bila kuegemea ukuta, akamweleza nani aliyemshonea. Na Bwana Mvuke naye alishamwambia tangu Jumatano kwamba shuka azilete huku.

Kazi tumepata! Vitanda arobaini! Mke wangu aligeukia ukutani akajifuta macho kwa foronya ya mteja.

Sharti ni moja. Mama Gesti alisema mgeni akilala kwake, kilichobaki kwenye shuka ni siri ya mgeni na yeye, na kitu cha wageni wake akikiona kwenye simu ya mtu, shuka zote zinahama siku hiyohiyo. Aliyasema haya akinitazama mimi. Nikasema kabisa, mama. Nikaapa kwa pasi ya marehemu baba. Alisema kazi ni ya mke wangu, mimi nitabeba vikapu.

Jioni mke wangu alinikalisha akaniwekea video ya Bwana Mvuke, akashika simu mwenyewe ili nisiizime. Nikatazama mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Mwishoni yule bwana ananyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye mlango wangu, anasema kola hii nilifundishwa na mwalimu wangu pale, nendeni mkamwone. Akaniwekea ya pili. Hivyohivyo. Ya tatu. Video zote, tangu ya kwanza! Nikairudisha ile ya kwanza mwenyewe, nikaitazama tena.

Kisha nikajiuliza: kwa nini mwishoni? Mwishoni nani anafika? Angeniheshimu angenitaja mwanzo.

Jumapili, 12 Julai

Mikono imefikisha wafuasi elfu kumi na mbili. Duka langu limempita Mvuke. Ningefurahi. Lakini leo njiani kila mtu alimsalimia mke wangu kwa jina la Mama Mikono. Mwenye bucha alimpa nyama iliyozidi kipimo. Mimi alinitazama akauliza huyu ndiye mume wa Mikono. Mume wa Mikono! Dobi wa kizazi cha pili!

Nimekula ile nyama kwa hasira. Ilikuwa laini.

Jumatano, 15 Julai

Fundi wa paa ameahidi kuanza kesho. Mke wangu ana furaha, anaimba. Shuka za ghorofa ya kwanza zilifika jana, na leo asubuhi amekwenda kuleta za ghorofa ya pili. Nina saa moja.

Nimefungua ukurasa mpya, wangu peke yangu. Unaitwa Dobi Mwenyewe. Safari hii nimejifunza. Hakuna mate. Hakuna mikono. Hakuna nguo ya mteja wala suruali ya mtu, maana hayo yalileta balaa. Nimetumia shuka tu! Shuka haina uso, haina makalio, wala haina mwenyewe. Na sharti la Mama Gesti nimelipima vizuri: alisema kitu cha wageni. Shuka ni yake, si ya wageni.

Nimepata moja yenye doa jekundu la rangi ya mdomo, kubwa, karibu na mto. Nimerekodi kabla. Nimeisogeza simu kwenye pembe, pale jina la nyumba ya wageni lilipodariziwa kwa uzi mwekundu, ili watu wajue siku hizi nafanya kazi na wakubwa. Juu nimeandika: Chumba namba saba, kabla. Halafu: Chumba namba saba, baada. Doa halipo! Nimeposti.

Elfu nne kwa nusu saa! Nilijua! Na komenti si za mate wala za pole, watu wanafuatilia kazi yenyewe. Kuna dada mmoja ameuliza kwa adabu kabisa shuka hiyo ililaliwa siku gani, maana mume wake alimwambia alikuwa safarini. Wateja hupenda maelezo kamili. Nimemjibu kuwa ni Jumatatu, na nikamkaribisha dukani.

Mama Gesti amepiga simu mara tano. Sijapokea. Dobi mwenye jina hapokei ya kwanza, na pongezi hazikimbii. Naona kupitia dirishani mke wangu anakuja mbio, kapu halina kitu, na mikono yake maarufu ameikunja ngumi. Ng'ambo Bwana Mvuke ametoka mlangoni na simu yake. Ameitazama, amenitazama mimi, sasa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Maskini. Wivu ni ugonjwa mbaya sana.